Fungu la Chombo

Baba mdogo wangu hakuwa mwizi. Nalisema hili mapema ili asije mtu akanipa pole nisiyoihitaji. Mwizi anajua kwamba anachochukua si chake, na wakati mwingine usingizi humruka. Baba mdogo alikula chombo cha marehemu kaka yake miaka yote ile ya wakimbizi, akakila ubao kwa ubao na uzi kwa uzi, na kila jioni alinawa mikono akijiona mtu mwema anayelea yatima.

Chombo chenyewe kilikuwa kipe, kama tunavyokiita pale Kibirizi, ufukweni mwa Kigoma: mitumbwi miwili ya mbao iliyofungwa pamoja kwa miti, wavu ukishushwa katikati na karabai zikining'inia juu kuwaita dagaa. Baba alikipata kwa kujinyima. Alianza kwa kubeba magunia ya watu, akatembea kwa miguu wakati wenzake wote wana baiskeli, akavaa shati moja mpaka kola ikageuzwa na fundi wa mtaa wa Mwanga ndani nje. Mama alikuwa akisema kwamba baba alioa mbao kwanza, yeye akaja kuwa mke wa pili.

Kipe kina njaa kuliko mtoto. Jua linapasua mbao, maji yanazilainisha, miamba inakata wavu, vioo vya karabai vinapasuka kwa tone moja la mvua. Hata usipokwenda ziwani, chombo kinaoza kimelala. Kwa hiyo baba alikuwa na sheria moja, na ilikuwa sheria ya wavuvi wote wenye akili wa wakati wake. Dagaa wakishauzwa asubuhi, mapato yanagawanywa mafungu: la wavuvi, la nyumba, na la chombo. "Chombo nacho kinakula," alikuwa akisema. Fungu la chombo linakaa kwa mama, halitoki mpaka siku za mbalamwezi, pale mwezi unapong'aa na dagaa hawafuati taa. Siku hizo vipe vyote hupumzika. Wanaume wanavivuta juu ya changarawe, wanaziba nyufa kwa pamba na mawese, wanabadilisha mbao zilizochoka, wanashona nyavu huku wakisimuliana uongo. Fungu hilo halikuguswa kwa jambo lolote. Bibi yangu, mama yake baba, alipofariki, sanda ilichukuliwa dukani kwa mkopo, na fungu la chombo lilikuwamo ndani ya nyumba, limefungwa kitambaa, umbali wa hatua chache kutoka kwa maiti. Watu walimsema sana baba kwa hilo. Mbalamwezi iliyofuata alibadilisha mbao za chini zote.

Kisha baba naye akafa, kwa homa ya siku chache, na hapo ndipo hekima ya ukoo ilipoanza kufanya kazi yake.

Siku ya arobaini wazee walikaa kwetu Ujiji, wakala pilau, wakaamua. Mdogo wangu wa kiume alikuwa bado anasoma shule ya msingi, na mimi nilikuwa msichana, yaani sikuhesabiwa. Mama alikuwa mjane, naye hakuhesabiwa pia. Basi chombo akapewa baba mdogo akitunze mpaka mdogo wangu awe mtu mzima, na mapato ya nyumba yaletwe kwetu tule. Mzee mkubwa wa ukoo akamwambia, "Umepokea kipe kimoja, siku ikifika utarudisha kipe kimoja." Wote wakaitikia amina. Mama peke yake aliuliza, "Na fungu la chombo nitaendelea kulitunza mimi?" Wakamtazama kana kwamba ameomba kuoga nao. Baba mdogo akasema kwa upole, "Shemeji, wewe kaa eda yako. Ya ziwani tuachie sisi."

Haukupita muda mrefu wakaja wakimbizi. Walikuwa wamekuja na zamani, maana Kigoma haijawahi kukaa bila mgeni anayekimbia kitu, lakini safari ile walikuja kama mvua ya masika. Walivuka ziwa kwa maboti yaliyojaa mpaka ukingoni, walishuka milimani kwa miguu na magodoro kichwani, wakalala mashuleni na viwanjani kabla ya kupelekwa makambini. Nyuma yao yakaja magari meupe yenye antena ndefu, na nyuma ya magari wakaja watu wa kila mkoa kutafuta kazi ya udereva na ulinzi. Kodi za nyumba Mwanga zikapanda. Mtu aliyekuwa na chumba cha kuku alikipaka chokaa akampangisha ofisa. Mji mzima uliwalaani wakimbizi asubuhi na kuwauzia mchana.

Dagaa nao wakapata bei wasiyoiota. Makambini kulikuwa na vinywa, mahindi na maharage ya msaada yalihitaji kitoweo, na wachuuzi walikuja Kibirizi kugombania mafungu kabla hayajakauka. Baba mdogo, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kusindikiza tu, akaamka siku moja ni tajiri. Alifikiri ni akili yake. Sijui kama kuna ulevi mbaya kuliko ule wa mtu aliyeangukiwa na bei nzuri akadhani ameigundua yeye.

Wakati ule ndipo mama alipomwendea kumuuliza habari ya fungu. Nilikuwepo, nageuza dagaa juani pale kwenye changarawe. Mama alianza vizuri, kwa kumsalimia kwa Kiha, "Mwakeye, shemeji," akauliza hali ya watoto, kisha akasema, "Naona mbalamwezi hii chombo hakikupandishwa."

"Hakina shida, shemeji. Kinaelea."

"Hata gogo linaelea. Fungu lake liko wapi?"

"Fungu la nani?"

"La chombo."

Akacheka, akawageukia wanaume waliokuwa karibu ili wacheke naye. "Shemeji, chombo ni mbao. Mbao zina mdomo? Zimekuja nyumbani kwako kudai? Fungu la chombo ni la mwenye kukishika. Ndiyo maana linaitwa hivyo."

Wanaume wakacheka kweli. Mama akarudi kwenye dagaa wetu, akawageuza kwa nguvu mpaka wengine wakakatika vichwa.

Alikuwa na msemo mmoja alioupenda, baba mdogo: ponda mali, kufa kwaja. Kufa kulikuwa kumeshakuja, kwa kaka yake. Kazi iliyobaki ilikuwa kuponda, nayo aliifanya kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha kwenye kasia. Alioa mke wa pili Mwanga. Akajenga nyumba yenye baraza mbele na ukuta wa maua ya saruji, akanunua makochi ya kitambaa chekundu ambayo hayakuvuliwa nailoni, hivyo kila mgeni aliyekaa alinyanyuka na kelele. Alihudhuria misiba yote ya mji na kutoa mchango kwa sauti. Ile methali ya ufa na ukuta aliijua vizuri, aliwahutubia nayo wafiwa wa watu wengine.

Na vijana wa kufanya kazi hawakukosekana. Wakimbizi waliotoroka kambini kutafuta kibarua walifika Kibirizi kila asubuhi, na kati yao walikuwamo wavuvi waliozaliwa juu ya ziwa hilihili, upande wa pili. Wangeweza kuendesha kipe wamefumba macho. Baba mdogo aliwapakia. Baba alikuwa akienda na watu wachache anaowajua. Huyu alijaza chombo mpaka watu wanakaa magoti kwa magoti. Aliamini kwamba mikono ikizidi samaki watazidi. Mwanzoni walizidi kidogo, ni kweli. Lakini wavu ulikuwa uleule, na taa zilezile, tena zikiwa zimepungua mbili. Mtu wa sita anasaidia kuvuta, wa kumi anasaidia kusukuma wenzake, na anayeongezwa baada ya hapo anasaidia kuzamisha. Fungu la wavuvi likawa linagawanywa mpaka kila mmoja anaondoka na dagaa wa kutosha sahani moja na maneno mengi.

Watu wa mjini wakasema wakimbizi ndio waliolipunguza fungu. Hata leo utawasikia wakisema, wamekaa vibarazani, midomo imejaa. Mikono haikuwa na kosa. Mikono mingi ikipewa vyombo vingi, kila mkono unakula. Wao waliupa mkono mpya ubao wa zamani unaooza, kisha wakaulaumu mkono. Bei ile ya miaka ile ingeweza kununua mbao za vipe vipya pwani nzima, toka Kibirizi mpaka Ilagala. Ilinunua makochi.

Serikali nayo haikulala, ilituletea semina. Alikuja ofisa mipango, kijana safi kutoka mkoa wa mbali, tai shingoni kwenye joto lile, akatukusanya chini ya turubai la msaada. Akatundika karatasi kubwa na kuchora mstari. Mkiweka akiba, alisema, mtanunua chombo cha pili. Cha pili kitazaa cha tatu, cha tatu cha nne, na mstari ulipanda mpaka ukatoka nje ya karatasi. Akamaliza kwa haba na haba hujaza kibaba, watu wakapiga makofi, tukapewa soda. Katika mstari wake wote hapakuwa na ubao hata mmoja uliooza. Vyombo vyake vilikuwa haviguswi na maji. Hakuna aliyeuliza kibaba chenyewe kama hakijatoboka.

Jirani yetu, mama mmoja mjane kama mama, alimwamini. Alijinyima mpaka tukamwonea huruma, na kweli akanunua kipe cha pili, cha tatu, akafika cha nne. Kila mbalamwezi ilimkuta na vipe vyake vyote vimepandishwa, anagawa pamba na misumari huku na huku, na akimaliza kukilisha cha mwisho, akiba yote imekwisha. Cha tano hakukiona. Alipeleka malalamiko kwa yule ofisa, akaambiwa ajitahidi zaidi. Lakini semeni mnavyotaka, wavuvi wake walikuwa wachache kwa kila chombo na walirudi nyumbani na unga, mafuta na kipande cha sabuni. Hakupanda mbinguni kama mstari ulivyoahidi, ila pale alipofika alisimama imara, na alisimama juu kuliko sisi. Mimi baadaye nilisomea ualimu nikafundisha uchumi, na kila nilipofika kwenye mada ya uchakavu nilipandwa na hasira ambayo wanafunzi hawakujua imetoka wapi. Nilikuwa nawaona wote wawili, ofisa na baba mdogo. Mmoja hakujua kwamba vitu vinaoza, mwingine alijua akala ule uozo wenyewe.

Chombo chetu kilizeeka mbele ya macho yetu. Wavu ulishonwa juu ya mshono. Ufa ulipotokea ubavuni, baba mdogo hakununua mbao; alichukua kopo la mafuta ya msaada, akalipasua, akalinyoosha kwa nyundo, akaligongomea juu ya ufa na misumari ya kiatu. Makopo yale yalikuwa yamejaa mjini, na akaona amepata ufundi mpya. Ufa wa pili ukapata kopo la pili. Nahodha wake, mtu mzima mpole kutoka Burundi, alikuja siku moja nyumbani kwetu, akakaa ukingoni mwa mkeka bila kuvua kofia, akamwambia mama kwa sauti ya chini, "Ubwato burashaje, mama, chombo kimezeeka. Sisi tunachota maji kuliko dagaa."

"Umemwambia mwenyewe?"

"Ego, mama. Amesema wakimbizi hatuna shukrani."

Wiki ileile akahamia kwa jirani mwenye vipe vinne. Wavuvi wazuri wote wakamfuata mmoja mmoja, na baba mdogo akabaki na wale ambao hakuna mwingine aliyewataka. Kilicholetwa kwetu kama fungu la nyumba kilikuwa dagaa wachache waliovunjika, wamefungwa kwenye karatasi. Mama alikuwa akiwapokea kwa mikono miwili, anasema asante, halafu anawamwagia bata.

Nataka ieleweke tulikuwa tunangoja nini. Mdogo wangu alikuwa mrithi wa kipe kile na hakuwa na kitu kingine duniani. Shule alikuwa ameachia njiani, si kwa ujinga, kwa kukosa ada. Alikuwa amekua mrefu kama baba, na alikuwa na uchumba na binti mmoja wa Katonga ambaye wazazi wake walisema watasubiri mpaka kijana ashike chombo chake. Kila alipopita Kibirizi alikitazama kwa mbali, hakikaribii, kwa heshima. Mimi nilimwambia mara nyingi kwamba kinachoelea pale ni makopo. Alinijibu, "Dada, wewe unamchukia tu baba mdogo." Nilimchukia, ni kweli, lakini makopo yalikuwepo.

Siku ya makabidhiano ilipofika, magari meupe yalikuwa yameanza kupungua mjini na bei ya dagaa imerudi kwenye akili yake. Nadhani ndiyo sababu baba mdogo alikumbuka amana. Chombo kilipokuwa hakina tena cha kuliwa, akaona haki ya yatima. Akakipaka rangi. Bluu ya kung'aa, nje na ndani, mpaka juu ya makopo, na ubavuni akachorewa mwezi na nyota na fundi wa mabango. Wazee wa ukoo wakaja ufukweni na kanzu zao. Wanawake walileta maandazi. Yeye mwenyewe alikuja na suti, mke wa Mwanga, na redio kaseti kubwa ya spika mbili aliyoiweka juu ya kigoda karibu na maji, ikipiga taarabu kwa ajili ya sherehe.

Kipe kilikuwa kimefungwa pale kwenye maji ya magoti, kimetulia kinapendeza. Mzee mkubwa akauliza, "Ulipokea nini?" Baba mdogo akajibu, "Kipe kimoja." "Unarudisha nini?" "Kipe kimoja, na rangi juu." Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Moja limetoka, moja limerudi. Hakuna mzee hata mmoja aliyeinama kugusa ubao. Walikuwa watu waliopima ng'ombe kwa kuhesabu pembe. Wakamwombea dua baba mdogo kwa uaminifu wake, wakamgeukia mdogo wangu na kumwambia apande, akizungushe kidogo hapo mbele ya watu, na jioni aende ziwani na vijana wake kama mwanamume. Mdogo wangu akalia machozi. Akavua viatu, akavipanga vizuri juu ya changarawe, akakunja suruali.

Mimi nilifungua mdomo niseme, mama akanibana mkono. Sikuelewa. Nilikasirika naye kwa dakika ile kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Alikuwa anatabasamu. Akasogea mbele, akampongeza shemeji yake kwa maneno matamu, akasema siku kama hii chombo hakiwezi kwenda kimya, lazima kiende na muziki, marehemu kaka yako asikie huko aliko. Na huku bado anasema, akaishika ile redio kwa mikono miwili, akaingia nayo majini na kanga zake, akaielekeza ndani ya kipe.

Baba mdogo aliruka. Suti na viatu vyote vikaingia ziwani. "Weee shemeji! Usiiweke humo! Itazama hiyo!"

Ilibaki ile taarabu tu, ikiimba juu ya mikono ya mama, na baba mdogo amesimama kwenye maji ya magoti ameikumbatia redio yake kutoka upande wa pili, hawezi kuivuta wala kuiachia. Wazee walitazama chini. Mdogo wangu alikuwa ameshaingiza mguu mmoja ndani ya chombo. Aliutoa taratibu, akaushusha majini, akabaki anamtazama baba yake mdogo.